Wanafunzi mia nne, mwalimu mmoja: mtihani ubadilike kwanza

*Vijana wa Kirotshe, Masisi na Walikale wakienda Goma kutafuta elimu ya juu, wengi huishia kuandika yanayosomwa kwa sauti. Njia za kumfanya kila mmoja afikiri darasani zipo, zimepimwa, na hazihitaji mashine. Kizuizi kikubwa kiko kwingine.*

Viti vya mbele huisha mapema asubuhi. Kijana aliyepata diploma yake ya Serikali Kirotshe, akapitia Sake hadi Goma kusomea uuguzi, ualimu au kilimo, hulijua jambo hilo katika juma lake la kwanza la chuo. Akichelewa, atakaa nyuma kabisa ya oditwari, ukumbi wa mihadhara, au atasimama dirishani na daftari mkononi.

Mwalimu anaingia, anafungua karatasi zake, anasoma. Wanafunzi mia tatu, mia nne, pengine zaidi, wanaandika. Sentensi ikimpita mtu, anamuuliza jirani kwa kunong'ona. Umeme ukikatika na kipaza sauti kikazimika, walio mbele wanasikia, walio nyuma wananakili kwa walio mbele.

Saa mbili zinapita hivyo, na kati ya mia nne wote hao hakuna aliyeulizwa anafikiri nini.

Mwisho wa muhula maswali hutoka mle mle katika silabasi, yaani karatasi hizo za mwalimu: taja, eleza, orodhesha. Aliyekariri anafaulu. Kisha anarudi nyumbani kufanya kazi, labda katika Hospitali Kuu ya Rufaa ya Kirotshe, na siku ya kwanza anapokea mgonjwa ambaye dalili zake hazikufuata mpangilio wa silabasi.

Suala ni hili: inawezekana kuwafundisha watu mia nne kwa pamoja, na kila mmoja wao akafikiri, akasema, akakosea na akasahihishwa hapo hapo darasani? Majibu ya watafiti, na ya vyuo vya kanda yetu vilivyojaribu, ni kwamba inawezekana.

Wingi huu ulitoka wapi

Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 ilikuwa na vyuo vikuu viwili: Lovanium cha Léopoldville, kilichofunguliwa 1954, na kile cha Élisabethville cha 1956. Cha Kisangani kilifuata 1963. Mwaka 1971 utawala wa Mobutu uliviunganisha vyote vitatu kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, na mwaka 1981 vikatenganishwa tena.

Kivu ilisubiri muda mrefu. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu na kile cha Graben huko Butembo vilizaliwa 1989, nchi ilipoanza kufungua mlango kwa vyuo visivyo vya serikali. Leo Goma ina Chuo Kikuu cha Goma, Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu (ULPGL), taasisi ya ualimu ya ISP, taasisi ya ufundi wa tiba ya ISTM, na vingine vingi.

Mlango ulipofunguka, watu waliingia. Walimu na kumbi hazikuongezeka kwa mwendo huo. Ada anayolipa mzazi, aliyeuza ng'ombe Masisi au mafungu ya samaki wa sambaza kando ya ziwa, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya maisha ya chuo. Chuo kinachoishi kwa ada hakina haraka ya kupunguza idadi ya wanaoingia.

Na wengine wanakuja. Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, na madarasa ya kwanza yakafurika nchi nzima. Mtoto aliyeanza mwaka huo, asiporudia darasa hata moja, atamaliza miaka yake 12 ya shule mwaka 2031. Anayeona oditwari za leo zimejaa na asubiri miaka michache.

Juu ya hayo kuna vita. Mapigano ya eneo la Sake mwezi wa Februari 2024 yaliwasukuma watu wengi kuelekea Goma, na mwishoni mwa Januari 2025 Goma yenyewe iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Mwanafunzi aliyekimbia mara mbili hana daftari lililokamilika. Elimu inayotegemea daftari inamwacha nyuma bila msaada.

> Mtoto aliyeingia darasa la kwanza 2019 atabisha hodi chuoni mwaka 2031. Oditwari haziwezi kumsubiri bila kubadilika.

Utafiti unasema nini

Mwaka 2014 Scott Freeman wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, pamoja na wenzake, walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha mhadhara mtupu na darasa la ushiriki katika sayansi, hisabati na uhandisi. Penye mhadhara mtupu, waliofeli walikuwa asilimia 33.8. Penye ushiriki, asilimia 21.8.

Weka hesabu hiyo katika darasa la watu 400. Tofauti ni karibu wanafunzi 48. Ni familia 48 ambazo hazitalipia mwaka wa pili wa kurudia.

Watafiti hao walikiri kwamba faida ilikuwa kubwa zaidi katika madarasa madogo, yasiyozidi watu 50. Lakini faida haikutoweka katika madarasa makubwa.

Jaribio moja linatuhusu zaidi. Mwaka 2011 Louis Deslauriers, Ellen Schelew na Carl Wieman, aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001, walichapisha matokeo ya jaribio lililolinganisha mikondo miwili ya fizikia katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Kila mkondo ulikuwa na wanafunzi zaidi ya 260. Kwa juma moja, mkondo wa kwanza ulifundishwa kwa mhadhara na profesa mzoefu aliyependwa na wanafunzi. Wa pili ulifundishwa na vijana wasio na uzoefu mkubwa wa kufundisha, lakini waliotumia maswali, majadiliano ya vikundi na masahihisho ya papo hapo.

Katika jaribio la mwisho, mkondo wa profesa ulipata wastani wa asilimia 41. Mkondo wa vijana ulipata asilimia 74. Mahudhurio pia yalipanda kwa hao wa pili.

Tafsiri ya matokeo hayo kwa Goma ni nzito. Vyuo vyetu vina maprofesa wachache, lakini vina wasaidizi na wakuu wa kazi za vitendo, wale tunaowaita CT. Msaidizi kijana mwenye njia nzuri anaweza kufikisha darasa kubwa mbali kuliko mhadhara wa mtu mwenye jina.

Swali la mazuku

Njia yenyewe inafananaje? Iliyoenea zaidi ilianzishwa na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aligundua kwamba wanafunzi wake walikokotoa hesabu ngumu vizuri, lakini walishindwa maswali mepesi ya kueleza kwa nini mambo hutokea. Akapunguza kuhutubia, akaanza kuuliza.

Tuichukue njia hiyo tuilete kando ya Ziwa Kivu. Kila mtu wa Goma na Sake anajua mazuku, hewa inayotoka ardhini na kuua mbuzi, mbwa, na hata watu. Mwalimu wa kemia anaandika ubaoni:

*Mchungaji na mbuzi wake wameshuka katika bonde dogo asubuhi, hakuna upepo. Mbuzi ameanguka, mchungaji bado amesimama. Kwa nini? A: mbuzi ana mapafu dhaifu kuliko mtu. B: hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, imetuama chini. C: mbuzi amekula majani yenye sumu. D: hewa hiyo ni ya moto, imewaka karibu na ardhi.*

Hatua ya kwanza: kimya, dakika moja, kila mtu peke yake. Hatua ya pili: kila mtu anaonyesha jibu kwa vidole vilivyobanwa kifuani, kimoja kwa A, viwili kwa B, ili jirani asiige. Mwalimu anatupa macho ukumbi mzima na anakadiria.

Wakiwa wamepatia karibu wote, anaeleza kwa sentensi mbili na kusonga mbele. Wakiwa wamepatia wachache mno, anarudi nyuma na kufundisha upya. Wakiwa kati ya theluthi moja na theluthi mbili, ndipo penye mavuno: anawaambia wageukiane, kila mmoja amshawishi jirani aliyejibu tofauti.

Oditwari inavuma. Huyu anasema: ndugu yangu, mimi ni mtu wa Sake, mazuku hukaa mashimoni, na nyumbani tunakatazwa kuwaacha watoto wacheze mle. Yule anauliza: kama ni moshi, mbona haupandi juu? Hapo wamefika penyewe. Gesi ya kaboni dioksidi ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo hutuama mahali pa chini. Mtu mzima kichwa chake kiko juu ya tabaka hilo. Akiinama kumwinua mbuzi, naye anaanguka.

Wanapiga kura tena. Mwalimu anaeleza, na safari hii maelezo yake yanamkuta mtu aliyekwisha kulitafuta jibu. Zoezi zima limechukua dakika nane hivi. Matatu ya namna hiyo yanaingia katika saa mbili, na bado kunabaki zaidi ya saa moja na nusu ya kufundisha.

Mtu atauliza: kama wote wawili hawajui, watafundishana nini? Michelle Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado walilipima hilo katika somo la jenetiki, na matokeo yakachapishwa 2009. Waligundua kwamba majadiliano yaliwasaidia wanafunzi hata pale ambapo katika kundi zima hakukuwa na aliyejua jibu sahihi mwanzoni. Kubishana kwa hoja ndiko kulikowafikisha.

Watu wa Kivu Kaskazini hawahitaji kufundishwa jambo hilo na mgeni. Katika barza, neno la mzee halipiti kabla upande wa pili haujasikika. Oditwari yetu ndiyo iliyojitenga na desturi hiyo.

Kanda yetu imekwisha kujaribu

Mwaka 1990 kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, Kenya, kilifungua milango kikiwa na mtaala uliojengwa juu ya kutatua matatizo. Wanafunzi walipewa kisa cha mgonjwa, wakatafuta wenyewe maarifa ya kukitatua, na walipelekwa vijijini kujifunza kwa jamii. Makerere, Uganda, ilifuata njia ya visa katika masomo ya tiba mwaka 2003.

Vyuo hivyo pia vilionja ugumu. Vikundi vya watu wanane au kumi vinahitaji wakufunzi wengi na vyumba vingi, na idadi ya wanafunzi iliendelea kupanda. Mtindo mzuri ulioanzishwa kwa madarasa madogo ulianza kuelemewa.

Dar es Salaam ilishika njia ya kati: mhadhara mmoja kwa wote, kisha semina za vikundi vidogo chini ya wahadhiri wasaidizi, ambako mwanafunzi hutetea hoja yake mbele ya wenzake.

Na huko Tanzania ndiko jambo hili liliposemwa mapema kwa uwazi. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka elimu imjenge mtu mwenye akili ya kuuliza, anayejifunza kwa wengine bila kumeza kila kitu. Katika waraka huo huo aliilaumu mitihani iliyopima uwezo wa kukusanya habari na kuzitoa kwa wakati uliopangwa, ikaacha kupima uwezo wa kufikiri.

Zaidi ya nusu karne baadaye, lawama hiyo ingali inatugusa.

Wanaopinga wana hoja zao

Haitakuwa haki kuwaita walimu wanaohutubia wavivu. Wana hoja, na kila moja inastahili jibu.

*Programu haitakwisha.* Hii ndiyo hoja ya kwanza na ndiyo nzito. Katika vyuo vyetu wako maprofesa wageni wanaotoka mbali, wanakaa juma moja, na kumaliza saa 45 za somo katika siku chache. Kwa ratiba ya namna hiyo, dakika nane za majadiliano zinaonekana kama hasara. Lakini kumaliza silabasi si sawa na wanafunzi kuielewa. Sehemu za kusoma tu mwanafunzi anaweza kuzisoma nyumbani. Sehemu ngumu ndizo zinazostahili muda wa kuwa pamoja.

*Fujo.* Watu mia nne wakizungumza kwa pamoja, nani atawanyamazisha? Uzoefu wa madarasa ya ushiriki ni kwamba ishara moja inayojulikana, mkono ulioinuliwa au filimbi, inatosha ikizoeleka tangu siku ya kwanza. Kiongozi wa darasa na wasaidizi wawili waliosimama pembeni hufanya kazi kubwa. Darasa linakuwa na sauti, na sauti hiyo ni ya kazi.

*Lugha.* Kifaransa ndiyo lugha ya chuo, na wanafunzi wengi humwelewa mwalimu nusu nusu lakini huona haya kuinua mkono. Hapa njia ya ushiriki inasaidia kuliko inavyodhuru. Wawili wajadiliane kwa Kiswahili, moja ya lugha za taifa zinazotambuliwa na Katiba ya 2006, kisha watoe jibu lao kwa Kifaransa. Wazo likishaeleweka, kulivika lugha ya mtihani ni kazi nyepesi.

*Wanafunzi wenyewe hawataki.* Hili ni kweli kuliko tunavyodhani. Mwaka 2019 Deslauriers na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la Harvard: wanafunzi waliofundishwa kwa ushiriki walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe waliamini wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza mhadhara mtamu. Kufikiri kunachosha, na uchovu huo mwanafunzi huuchukulia kama dalili ya kutofundishwa. Mwalimu asipoeleza tangu mwanzo kwa nini anafanya hivyo, wanafunzi watalalamika kwamba wamelipa ada ili wafundishane wenyewe.

> Wanafunzi walijifunza zaidi, huku wakiamini wamejifunza kidogo. Mwalimu asipolieleza hilo siku ya kwanza, atalipoteza darasa.

Anayekaa nyuma ana haki gani

Mhadhara mtupu una wanaofaidika nao. Ni aliyesoma shule nzuri ya mjini, aliyezoea Kifaransa nyumbani, aliyepata kiti cha mbele. Anayeumia ni aliyetoka shule ambayo darasa lilifungwa miezi kadhaa kwa sababu ya vita, na dada asiyethubutu kusema mbele ya wanaume mia tatu.

Mwaka 2020 Elli Theobald na wenzake walichunguza tafiti za vyuo vya Marekani kuhusu wanafunzi wa jamii zilizoachwa nyuma. Ushiriki ulipunguza pengo la alama za mtihani kwa asilimia 33, na pengo la kufaulu kwa asilimia 45. Sharti lilikuwa moja: ushiriki uwe wa kweli na uchukue sehemu kubwa ya kipindi. Swali moja la kupamba somo halikutosha.

Hapa pana uzito wa jambo zima kwa Masisi na Walikale. Eneo la afya la Kirotshe, huko Masisi, liko kando ya ziwa, na kipindupindu hurudi huko mara kwa mara. Muuguzi anayehitajika ni yule anayemtazama mtoto aliyeharisha usiku kucha, macho yameingia ndani, ngozi ikifinywa inachelewa mno kurudi, hawezi kunywa, na papo hapo anajua kwamba huyu si wa kupewa maji ya chumvi na sukari akarudishwa nyumbani. Huyu anahitaji maji ya mshipa sasa hivi.

Uamuzi huo haupatikani kwa kuzikariri dalili za upungufu wa maji kwa mfululizo. Unapatikana kwa kuamua, kukosea mbele ya mwalimu, kusahihishwa, na kuamua tena, mara nyingi, kabla ya kumgusa mgonjwa wa kweli. Oditwari ya watu mia nne inaweza kuwa mahali pa makosa hayo ya salama. Tukiikataa kazi hiyo, makosa yatafanyika wodini.

Kufuli lenyewe: silabasi na mtihani

Kwa nini basi njia iliyothibitika, isiyodai kompyuta wala intaneti, haienei?

Jibu liko mwishoni mwa muhula. Mwanafunzi ni mtu mwenye akili. Anasoma kile kitakachoulizwa. Mtihani ukiomba orodha ya ukurasa wa 37, atakariri ukurasa wa 37, na kila dakika ya majadiliano ataiona kuwa ya kupotea. Mwalimu naye akijua hivyo atarudi kusoma karatasi zake, kwa kuwa ndizo zitakazoulizwa.

Silabasi inakaza kufuli hilo. Mara nyingi wizara ya elimu ya juu imekataza kuwalazimisha wanafunzi kununua silabasi, na mara nyingi malalamiko yamerudi. Karatasi zile zinapokuwa ni nyongeza ya mshahara kwa mwalimu na pia chanzo pekee cha maswali ya mtihani, somo zima linazunguka humo. Mwalimu asiyelipwa ipasavyo hawezi kulaumiwa peke yake. Dola inayomlipa kidogo na kwa kuchelewa inabeba sehemu yake.

Fursa ya kulifungua kufuli ipo, na ni ya kisheria. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 iliweka msingi wa mfumo wa LMD (Licence, Master, Doctorat), na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, chini ya waziri Muhindo Nzangi, mfumo huo ulianza kutekelezwa kwa jumla. Licence ni krediti 180 katika miaka mitatu, na krediti inahesabu kazi yote ya mwanafunzi, ya darasani na ya nje ya darasa.

Kwa maneno mengine, mfumo mpya unampima mwanafunzi kwa kazi aliyoifanya. Kama oditwari inaendelea kutoa imla na mtihani unaendelea kuomba orodha, basi tumebadilisha majina ya madarasa tu, kutoka G1 kuwa L1, na mambo mengine yamebaki yalivyokuwa.

> Mwanafunzi anasoma kile kitakachoulizwa. Badilisha swali la mtihani, na darasa litabadilika nalo.

Kinachoweza kuanza muhula huu

Badala ya kuandika "taja dalili za upungufu wa maji mwilini", mtihani ulete wagonjwa watatu na kuuliza yupi aanze kuhudumiwa na kwa nini. Badala ya "eleza sifa za kaboni dioksidi", ulete shimo la mazuku na kuuliza mtu aliyeanguka aokolewe vipi bila mwokoaji naye kufa.

Wanafunzi waruhusiwe kuingia na silabasi zao. Jibu likiwa halimo ukurasani, kukariri kunakosa faida, na hata biashara ya karatasi inapoteza nguvu yake.

Kusahihisha nakala mia nne si lazima kuwe mateso. Nusu ya alama iwe ya maswali ya kuchagua, yaliyotungwa vizuri kama lile la mazuku, ambayo msaidizi huyasahihisha haraka. Nusu nyingine iwe aya moja ya kutoa sababu.

Darasani, mwalimu aanze na swali moja kwa kila kipindi. Vikundi vya watu wanne au watano vipangwe kwa benchi, vibaki vile vile muhula mzima, ili hata anayekaa nyuma kabisa awe na watu wanaomjua kwa jina. Mwishoni kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi jambo ambalo hakulielewa. Mwalimu asome vipande arobaini tu kati ya mia nne. Vinatosha kumwonyesha wapi aanzie kesho.

Vyuo navyo viwape wasaidizi na CT nafasi ya kufundishwa kufundisha. Digrii ya kemia inamfanya mtu mkemia. Kusimama mbele ya watu mia nne ni kazi nyingine, nayo ina ujuzi wake. Taasisi za ualimu, ISP, zipo katika miji yetu, na ni haki yao kuombwa msaada huo.

Neno kwa wahusika

Wakuu wa vitivo na vitengo wanaweza kufanya jambo moja bila kusubiri Kinshasa wala mfadhili: kuomba kila mwalimu awasilishe mtihani wake kabla haujafanyika, na kuurudisha ule unaopima kumbukumbu peke yake. Ni uamuzi wa kikao kimoja.

Walimu, tunajua mzigo mnaobeba. Swali moja zuri kwa kipindi halitaongeza mzigo huo kwa kiasi cha kuwashinda, na litawaonyesha jambo ambalo imla inaficha: nani ameelewa na nani ameachwa.

Wanafunzi, mwalimu akiwauliza, msimwone kama anayekwepa kazi yake. Anawatendea haki mliyoilipia.

Na wazazi wa Kirotshe, Bweremana, Sake, Masisi na Walikale, mnaouza ng'ombe, viazi na samaki ili mtoto asome: mtoto akirudi likizo, msimuulize alama peke yake. Mwulizeni ni swali gani aliulizwa darasani mwaka huu ambalo jibu lake halikuwa katika silabasi. Akikosa la kuwajibu, pelekeni swali hilo kwa wakuu wa chuo, kwa sababu ada ni yenu na mgonjwa wa kesho atakuwa mmoja wenu.